Liputa ya Ndege za Buluu

Mangobo, Stanleyville, tarehe 6 Machi 1966

Kwa mwanangu Safi binti Alfani, huko Bukavu,

Amani ya Mungu ikutangulie mlangoni, na barua hii ikukute umekula. Mimi mama yako Kadidja niko muzima, mugongo tu unanisumbua kwa sababu ya mashini ya kushona. Majirani wote wanakusalimia, hata Mama Simone, yule ambaye binti yake alishindwa kalasi ya sita mara mbili. Barua yako niliisoma kwa sauti kule bombani, mbele ya watu. Nikafika pale unaposema wewe ni wa kwanza katika shule ya maasistanti wa jamii. Nikapasoma mara mbili, kwa sababu wengine walikuwa wamechelewa kufika.

Hapa Mangobo ni wanawake wangapi wanashika kalamu? Mimi nilikaa miaka mitatu tu foyer social, ile shule ya kina mama, kwa madame wa Kibelgiji, lakini brevet yangu, cheti cha kushona, iko ukutani mpaka leo. Waasi wa Simba walipita, askari wa miavuli wakaanguka toka juu, askari wakaja kupora, ile brevet hakuna aliyeigusa.

Kaka yako, Yaya Yakubu, iko Banalia, anafanya biashara ya samaki wa kukaushwa. Hali yake nzuri. Haina haja ya kuuliza sana.

Mutoto wetu Aziza iko vizuri pia. Ndiye yule musichana Yakubu aliniletea mwaka wa Simba, nilikuandikia habari yake. Ametimiza miaka kumi. Anachota maji, anaponda pondu ya majani ya muhogo, na mwandiko wake, ee Safi, ungeuona! Kama wa karani. Watu wanauliza nani alimufundisha, ninajibu ni mimi. Na adabu: mugeni akiingia, hasemi neno hata moja.

Bon, sasa neno lenyewe. Kuko asistanti mupya hapa, Madame Marthe, mweusi kama sisi. Anapita nyumba kwa nyumba na kitabu, anaandika watoto wote waliookotwa mwaka ule. Wenye ndugu wanarudishwa kwa ndugu. Kuko bibi mumoja wa Yanonge anatafuta mujukuu wake Delphine, binti ya karani Timothée, yule aliyeuawa pamoja na muke wake ile Agosti. Mimi nilisema Aziza wangu ni Aziza, wasichana wa miaka kumi wamejaa muji mzima. Lakini huyu Madame hatosheki na neno la mutu mukubwa. Eti anauliza mutoto mwenyewe, peke yake, na mama haruhusiwi kukaa karibu! Umeona wapi? Mutoto aanze kusema mbele ya mugeni, kama vile mama yake amekufa?

Wewe unasomea kazi hiyo. Alors niandikie maswali yote wanayouliza, na majibu mazuri, nimufundishe Aziza mapema. Sitaki wanichukulie mutoto. Sina mwingine ndani ya nyumba.

Nimeanza kumushonea gauni kwa siku hiyo. Unakumbuka nilikuandikia juu ya liputa, ile nguo ya kujifunga, siku ileile Yakubu alipomuleta mutoto? Wax ya kweli, ya njano, na ndege ndogo za buluu. Ilikuwa na doa kubwa la mafuta ya mawese upande mumoja. Nililisugua kwa majivu na ndimu siku tatu. Sasa halionekani, mpaka uambiwe.

Ni mimi mama yako, fundi wa kwanza wa Mangobo,
Kadidja


Bukavu, 2 Aprili 1966

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na ninawasalimu wote wa bombani, waliowahi na waliochelewa. Huku mvua hainyeshi, inamwagika. Asubuhi ziwa halionekani kwa ukungu na vidole vyangu vinakataa kushika kalamu. Nimepata maleria kidogo, nimepona. Ninakula vizuri, ingawa pondu ya huku hawaipondi mpaka ilainike kama yako.

Mama, sitakuandikia majibu.

Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Tunafundishwa hivi: tunakaa chini kwenye mkeka, tulingane na mtoto. Hatumwulizi kama anapendwa. Tunauliza alikula nini, analala wapi, nani alimleta. Kisha tunanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu. Mtu mkubwa hakai karibu, kwa sababu mtoto huangalia uso wake kwanza ndipo ajibu.

Januari nilitumwa katika nyumba moja ya Kadutu. Msichana wa miaka saba, mkono umevimba kama muhogo. Tonton yake, yaani mjomba, alisimama nyuma yake anacheka. "Alianguka, si ndiyo?" Mtoto akasema ndiyo. Nikaandika: alianguka. Siku tisa baadaye tuliitwa kumzika. Tonton alikuwa amempiga kwa mchi mpaka mbavu zikatoboa pafu. Lile neno langu "alianguka" bado liko kwenye dosie, faili lake, kwa mwandiko ninaosifiwa.

Na mimi niliulizwa siku moja, Mama. Nilikuwa na miaka minane. Madame wa foyer alikuja kwetu kwa sababu sikuweza kunyanyua mkono. Papa alikuwa amesimama pembeni ya mashini. Madame aliniuliza mimi, ukajibu wewe: "Pasi ilimwangukia." Kovu liko begani, lina ncha kama pasi ilivyo na ncha. Pasi ikianguka haichapi namna hiyo. Sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza.

Na haya pia: Aziza alitoka nyumba gani? Yaya Yakubu alimleta akiwa na nani? Na kule Banalia anauza samaki wa nani, ikiwa barabara imefungwa na askari tangu mwaka jana?

Binti yako,
Safi


Mangobo, Stanleyville, tarehe 24 Aprili 1966

Kwa Safi binti Alfani,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma peke yangu, sikwenda nayo bombani. Mimi niko muzima. Mama Simone amenunua redio, sasa Mangobo nzima haitalala. Mugongo bado. Pole na maleria, kunywa dawa, usijifanye Mzungu.

Unaniandikia mambo ya zamani. Papa yako amelala kaburini, mutu muzuri, fundi wa suti za wakubwa, na wewe unafukua. Nilikulisha kwa mashini hii. Ni kwa mashini hii ulipanda ndege kwenda shule. Binti ya nani mwingine hapa alipanda ndege?

Bon. Madame Marthe alikuja. Nilimupikia kuku, nilimuonyesha brevet, akatazama, akasema ni nzuri. Kisha akamuita Aziza. Mutoto akapiga magoti, akasalimia, akanyamaza vizuri kabisa, kama nilivyomufundisha. Madame anauliza, mimi najibu. Analala wapi? Na mimi, kitanda kimoja. Anakula nini? Chochote ninachokula mimi. Jina lake? Aziza. Hapo mutoto akafungua midomo akasema "Del". Hivyo tu, Del. Nilimupiga kofi moja, la mapenzi, juu ya mudomo. Damu ilitoka kidogo, meno ya watoto ni makali. Madame akafunga kitabu. Akasema atarudi mwezi wa sita, na siku hiyo mimi nitakaa ndani na mutoto atakaa nje naye.

Unaniona mimi mubaya. Wewe ile Novemba ulikuwa Bukavu, ulisikia kwa redio. Mimi nilikuwa hapa. Miavuli ilipokwisha kuanguka, askari walikokota wanaume wote wa avenue yetu mpaka uwanja wa mupira. Wanasimamishwa mumoja mumoja mbele ya watu. Watu wakinyamaza, anarudi nyumbani. Watu wakilia "Simba!", anapigwa risasi palepale, na anayefuata anasimama juu ya damu yake. Unamukumbuka Papa Daudi, fundi wa viatu? Hakuwa Simba, hakuwa kitu. Mutu mumoja waliyegombana naye juu ya mbuzi alilia. Mumoja tu! Ubongo wake ulimwagika kwenye ile mustari nyeupe ya uwanja, na muke wake alikuwa amekaa karibu nami, alikuwa amemuletea chakula katika sahani.

Ndiyo maana nakuambia, neno moja linaua mutu. Na wewe unataka mutoto akae peke yake na mutu wa Serikali mwenye kitabu, ataje jina lolote linalomujia. Sijasema jina gani.

Gauni imebaki mikono tu. Itakuwa nzuri sana. Madame akimuona ndani ya wax kama ile, ataelewa mwenyewe huyu ni mutoto wa nani.

Mama yako,
Kadidja


Bukavu, 20 Mei 1966

Mama,

Salamu nitazileta siku nyingine. Ninaandika nimesimama, ofisi ya posta inafungwa.

Leo tumepewa shuleni karatasi za watoto wanaotafutwa, za jimbo lako pia. Moja imetoka kwa bibi wa Yanonge. Imeandikwa: Delphine, miaka kumi, baba yake karani Timothée alimfundisha kuandika akiwa na miaka mitano. Vijana wa jeunesse, wale wa Simba, waliingia nyumbani kwao tarehe 9 Agosti 1964. Na chini yake: mama wa mtoto, Félicité, alikuwa amevaa liputa ya njano yenye ndege ndogo za buluu. Bibi anaijua kwa sababu ndiye aliyeinunua, zawadi ya kuzaa.

Mama, lile doa halikuwa la mawese.

Usimvalishe mtoto gauni hiyo. Usimfundishe neno lolote. Mwache aseme.

Safi


Mangobo, Stanleyville, tarehe 12 Juni 1966

Kwa Safi, mwanangu,

Amani juu yako. Mimi sina homa, nina kitu kingine. Samaki wa wavuvi Wagenia ni wengi mwezi huu, nyumba zote zinanuka moshi.

Barua yako ya Mei ilifika jana. Madame Marthe alikuja siku nne kabla haijafika. Lawama ya hiyo iko kwa ndege ya posta, haiko kwangu.

Nilimuamsha mutoto asubuhi, nikamuosha, nikamupaka mafuta, nikamuvalisha. Gauni ilimukaa mwilini kama amezaliwa nayo. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mukono mumoja ubavuni. Nikamuambia, umekuwa mrembo, shukuru. Akasema merci.

Walikaa nje kwenye mukeka, mimi nikaingia jikoni, na ukuta wa jiko letu unaujua, una matundu. Nilikaa hapo. Mimi ni mama, nitakaa wapi?

Madame akauliza, "Umekula nini leo?"

"Lituma ya ndizi na samaki."

"Gauni nzuri. Nani alishona?"

"Mama Kadidja."

Nilifurahi! Nilisema moyoni, ona, asiyeshukuru haiko hapa.

"Na wax ilitoka wapi?"

Mutoto akashika upindo wa gauni. Madame hakumuharakisha, akachukua kijiti akawa anachora chini. Kuku akapita kati yao. Nilitaka kupiga kelele nijibu mimi.

"Ni ya mama," mutoto akasema.

"Ya Mama Kadidja?"

"Hapana. Ya mama. Alikuwa ameivaa. Damu ilikuwa hapa." Akagusa ubavu. "Mama Kadidja alisugua na majivu. Mimi nilimuchotea maji."

Sauti yake, Safi, ilikuwa kama ya mutu anayehesabu sahani. Hakulia. Madame akauliza jina, akasema Delphine. Akauliza nani alimuleta hapa. Hapo nilitoka mbio nikasema chakula kiko tayari. Madame hakugeuka hata kunitazama. "Rudi ndani, mama. Sasa ni zamu yake." Mutu ambaye alikula kuku wangu!

Nilirudi. Nilikaa kwenye mashini nikakanyaga, bila uzi, bila nguo, kwa nguvu, ili nisisikie. Nilikanyaga mpaka mukanda ukakatika. Nilipotoka, Madame alikuwa amekwenda na mutoto alikuwa anachambua mchele.

Watoto wanatunga mambo. Wanaota usiku, mchana wanasema wameona. Yakubu ni mutoto muzuri, hajawahi kuniletea aibu, na siku ile alikuja na zawadi kwa mama yake, vijana wengine zao waliwapelekea wanawake wauza lotoko, ile pombe kali.

Madame ametuma neno: mwisho wa Julai atakuja na yule bibi. Mimi nimefanya linalompasa mama. Nimemuandikia Yakubu, barua nikampa dereva wa kamioni anayepeleka askari chumvi. Nimemuambia kwamba mutoto amesema, asitoke msituni, aende mbali zaidi.

Sasa umejua wapi iko. Usiniulize tena.

Kadidja


Bukavu, 5 Julai 1966

Mama,

Umemwandikia? Umemwambia kwamba mtoto amesema?

Mshike mtoto mkono umpeleke kwa Madame Marthe leo. Leo hii, Mama, acha hata chungu motoni. Usingoje mwisho wa mwezi.

Safi


Mangobo, tarehe 2 Oktoba 1966. Sasa tunaandika Kisangani, ndilo jina la muji.

Kwa mwanangu Safi, mama yangu, roho yangu,

Amani ikufunike. Utaona mwandiko si wangu, ni muzuri kuliko wangu. Mimi nasema, Delphine anaandika. Ndiyo, Delphine. Sikumufundisha mimi, alikuja anajua.

Mama Simone ni muzima, redio yake ilipigwa risasi. Mashini iko. Mimi niko.

Barua yako ya Julai ilifika juzi. Ndani yake unasema leo, leo hii. Ile leo ilikuwa imepita zamani.

Siku ya posho, ile Jumamosi tarehe 23 Julai, askari walianza kupigana wao kwa wao. Mizinga, maiti barabarani, mbwa wakapata chakula. Posta ikafungwa, Madame Marthe hakuweza kuvuka mto. Na bariere ya askari kwenye barabara ya Banalia ilibaki bila mutu wa kuilinda. Jumatatu asubuhi nilikuwa napiga pasi, kwa sababu vita au hakuna vita, nguo za wateja hazijipigi. Yakubu akaingia.

Miaka miwili, Safi. Ndevu, ngozi na mifupa, panga mukononi. Nilisema, "Mwanangu, kaa, ule kwanza."

Akasema, "Mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani?"

"Mama, usinichezee. Uliandika wewe mwenyewe, amesema. Nimekuja kumaliza kazi niliyoacha."

"Ni mutoto wangu, Yakubu. Ulinipa."

"Nilikupa. Sasa nachukua."

Delphine alikuwa chini ya meza ya mashini, miguu yake ilionekana. Akamuvuta kwa nywele. Hakulia, unajua halii. Akamulaza kichwa juu ya kile chuma cha kukanyagia, akanyanyua panga. Mimi nilikuwa na pasi mukononi, imejaa makaa mekundu. Sikufikiri, ningefikiri nisingefanya. Nilimupiga nayo usoni, mwanangu niliyemuzaa kwa uchungu wa siku mbili. Mufuniko ukafunguka, makaa yakaingia shingoni ndani ya shati, nyama ikalia kama nyama jikoni. Akageuka na panga, hakutazama ni nani. Nilikinga kwa mukono wa kuume. Vidole vyangu vinne vilianguka kwenye sakafu.

Akaviona. Akanitazama. Akasema "Mama," kama zamani alipokuwa anatoka shule. Kisha akakimbia, na moshi unamutoka mugongoni. Sijui kama iko hai. Nikisikia mbwa wanabweka njiani, ninatazama.

Hospitali ilikuwa imefungwa. Mutoto alichana kitambaa akanifunga, akakaza kwa meno. Sitashona tena. Mugongo umepona, kwa hiyo asante kwa Mungu.

Yakubu alikuwa pale siku ya karani Timothée. Hilo ninasema. Alikuwa pale.

Sasa juu ya pasi. Ni ileile. Haikukuangukia. Papa yako aliishika, akakuwekea begani kwa sababu uliunguza suruali ya mteja, akahesabu mpaka tatu. Mimi nilikuwa nimeshika mukono wako ili usitingishike, nisije nikaungua mimi. Madame alipouliza, nilijibu mimi kwa sababu wiki ile walikuwa wanatoa brevet. Andika hiyo kwenye dosie, uweke jina langu.

Bibi wa Yanonge amefika. Iko nje, hajakunywa maji yangu, simulaumu. Kesho asubuhi wanapanda pirogi, mtumbwi wa kwao. Madame Marthe alimuuliza mutoto mara tatu anataka kwenda wapi, mara tatu akasema Yanonge.

Sasa natoka, Delphine aandike yake. Karatasi sitaisoma, bahasha atafunga yeye.

Mama yako,
Kadidja

Yaya Safi,

Mimi ni Delphine binti ya Timothée na Félicité. Mama Kadidja ametoka kweli. Iko bombani, nasikia sauti yake, anawaambia watu jinsi alivyomupiga Yakubu.

Alisema niandike vidole vinne. Ni vitatu. Mimi ndiye niliviokota.

Alisema niandike Yakubu alikuwa pale. Mimi niliona. Papa alipigwa na wengine, mbele ya mulango, kwa sababu ya kalamu iliyokuwa katika mufuko wa shati. Yakubu alimuambia mama, "Vua liputa, ni nzuri, nitamupelekea mama yangu." Mama alikataa kuvua mbele ya wanaume. Yakubu akamuchoma mukuki ubavuni. Akaivua mwenyewe. Wenzake wakanionyesha kidole, wakamuuliza, na huyu? Akasema, huyu pia nitamupelekea mama, atamuchotea maji.

Hayo nilimuambia Madame Marthe. Mama Kadidja hakusikia kwa sababu ya mashini.

Kitambaa nilichochana ni upindo wa gauni. Upindo tu. Gauni ninaondoka nayo.

Jana usiku aliniuliza kama nitamuandikia kutoka Yanonge. Sijamujibu bado.

Delphine